Kata Simu kwa Adabu: Jinsi ya Kumkinga Mzee Wako na Matapeli Dar es Salaam

Tapeli wa mjini hamwanzi mzee kwa vitisho. Anamwanza kwa shikamoo. "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu, hapo ni nyumbani kwa mwanafunzi wetu..." anasema, halafu ananyamaza kidogo, na mama kwa wasiwasi analitaja jina la mjukuu mwenyewe. Kuanzia hapo kazi imekwisha nusu.

Mama yangu ana miaka 74, anaishi Tabata. Asubuhi moja alipigiwa simu ya namna hiyo: mjukuu ameanguka shuleni, amekimbizwa hospitali, daktari anataka pesa ya vipimo kabla hajamgusa. Alituma shilingi 180,000. Akapigiwa tena, akatuma 200,000. Mara ya tatu hakuwa na kitu, akaenda kukopa 100,000 kwa jirani mwenye duka. Muda wote huo mtoto alikuwa darasani.

Pesa iliniuma, lakini kuna kilichoniuma zaidi: mama hakutuambia kwa wiki tatu. Tulikuja kujua siku nilipokuta kopo lake la dawa za presha halina kitu, naye akasema atanunua mwisho wa mwezi. Alikuwa anabana matumizi amalize deni la dukani kabla watoto hatujasikia, kwa sababu aliona aibu.

Nimeandika hatua hizi kwa mtu mwenye mzazi, bibi, babu au shangazi anayemiliki simu na pesa kidogo. Zifanye mkiwa mmekaa naye, chai ikiwa mezani, na usitake kuzimaliza zote siku moja.

Hatua ya 1: Anza na mazungumzo, simu yake iache mkononi mwake

Wengi wetu tukisikia mzee wa jirani amelizwa, tunakimbilia kumnyang'anya mzee wetu simu "tumwekee sawa". Ukifanya hivyo umemwambia kwamba hana akili tena, na siku akipigwa wewe ndiye wa mwisho kujua.

Anza na habari anazozijua kuliko wewe. Muulize ilikuwaje DECI. Wazee wengi wa Dar wanakumbuka ule upatu wa mwaka 2009: watu waliitwa "kupanda mbegu" ili wavune mara mbili na zaidi, na waliochelewa kuingia ndio waliokuwa wanawalipa waliotangulia, mpaka Serikali ilipoingilia kati. Mwache akusimulie nani alipoteza nini. Kisha mwambie kwamba mwanzoni mwa 2025 vijana wetu waliingia kwenye jambo la aina hiyo kupitia simu, LBL, wakiahidiwa malipo kwa kutazama matangazo ya filamu, na fedha zao zikakwama vilevile. Mzee akiona kwamba hata wasomi wenye simu janja wanapigwa, kifua chake kinatulia.

Baada ya hapo fungueni pamoja sanduku la meseji. Utakuta "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." Utakuta mwaliko wa kujiunga na Freemason upate utajiri, mganga anayemwita "mjukuu wangu", na ushindi wa bahati nasibu ambayo hakucheza. Mweleze jinsi ile ya "ile hela" inavyofanya kazi, maana ukielewa ufundi wake huogopi tena. Tapeli hamjui mpokeaji. Anarusha meseji ileile kwa namba nyingi sana, akijua kwamba kati yao hakosekani mtu ambaye asubuhi hiyo alikuwa anasubiri kutumiwa namba na baba mwenye nyumba au fundi. Wala si lazima awe Dar. Taarifa za TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, zimekuwa zikitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu.

Kabla hamjanyanyuka, mwahidi mbele ya ndugu zako wote: ukikosea, hakuna atakayekugombeza. Na mtakuja kupimwa kwa ahadi hiyo.

Hatua ya 2: Mpe maneno ya kukatia simu

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo watu wanairuka. Tunawaambia wazee "ukipigiwa na tapeli, kata". Mzee hawezi. Amelelewa kwamba mtu aliyekuamkia humwachi njiani. Kumkatia simu mtoto wa watu aliyesema shikamoo ni utovu wa adabu, na adabu hiyo ndiyo anayoinyonya tapeli. Kwa hiyo mpe njia ya kuondoka ambayo haimvunjii heshima. Mama yangu tulimpa maneno haya:

"Marahaba mwanangu. Mambo ya pesa hapa nyumbani anashughulikia mwanangu mkubwa. Nitamwambia. Haya, kwa heri."

Kisha anabonyeza kitufe chekundu bila kusubiri jibu. Hajamtukana mtu, hajabishana na hajaeleza chochote. Mfanyie mazoezi. Kwetu mjukuu wa miaka 12 alikaa chumba cha pili akajifanya tapeli, akapiga, akalia, akasema yuko wodini. Mara ya kwanza bibi yake aliuliza "Wodi gani?" Mara ya nne alisema maneno yake yote na kukata. Usione aibu kurudia. Maneno yasiyozoeleka mdomoni hayatoki siku moyo unapodunda.

Akishakata, ampigie mtu wa familia kwa namba iliyohifadhiwa kwenye simu. Asiipigie ile namba iliyompigia, wala asitumie namba atakayopewa ya "daktari" au "mwalimu mkuu". Mchague mtu wa kwanza wa kupigiwa na wa pili kama wa kwanza hapatikani, kisha muweke namba ya mwalimu wa darasa la mjukuu humohumo.

Wekeni pia swali la familia kwa mtu anayedai ni mwana au mjukuu anayepiga kwa namba ngeni kwa sababu simu yake imeibiwa. Swali liwe jambo lisilopatikana mtandaoni: kile kisima cha kijijini kiliitwaje, mbuzi wa Idi ile alitoroka akakutwa wapi. Asiyejua jibu si wa kwetu, hata kama analia.

Kuna simu za aina nyingine, za "huduma kwa wateja". Hapa kanuni ni nyepesi: kwa mitandao yote namba ya huduma kwa wateja ni 100, na mtandao ukikupigia utakupigia kwa namba hiyohiyo. Mtu akipiga kwa namba ya kawaida akasema yuko ofisi za Vodacom, Yas, Airtel au Halotel, kwamba laini inafungwa leo au kuna zawadi imekwama, mzee aseme maneno yake na kukata. Asibonyeze namba yoyote anayoelekezwa. Ukimsikia mtu anamwambia mzee "bonyeza nyota mia moja hamsini nyota...", ujue anamtembeza mwenyewe kwenye menyu ya kutuma pesa. Na zile zinazoanza na nyota mbili na 21 zinaelekeza simu za mzee ziingie kwa mtu mwingine. Kama una wasiwasi alishabonyeza, piga ##002# kwenye simu yake. Inafuta maelekezo yote ya namna hiyo.

Hatua ya 3: Tenganisha pesa na namba inayojulikana

Namba ya mama yangu ilikuwa inajulikana na kila mtu: kikoba, kwaya, muuza maji, kadi za mchango wa harusi za tangu juzi na jana. Na pesa zake zote zilikuwa kwenye namba hiyo. Tulichofanya ni kumnunulia kitochi chenye laini nyingine, iliyosajiliwa kwa jina lake, kinachokaa kabatini. Sisi watoto tunamtumia huko. Laini ya zamani ina pesa ya sokoni na ya vocha tu. Tapeli akimpata kwenye laini ile, atapata pesa ya mchicha na dagaa.

Namba ya siri nayo iangalieni. Utashangaa ni wazee wangapi namba zao za siri ziliwekwa na kijana wa wakala siku ya kwanza na hazijabadilishwa mpaka leo. Ibadilisheni, isiwe mwaka wa kuzaliwa, na isiandikwe kwenye karatasi ndani ya kifuko cha kitambulisho. Awe na wakala mmoja anayemfahamu, karibu na nyumbani. Kama macho yamepungua nguvu, achaguliwe mtoto mmoja wa kumsaidia, ajulikane na ndugu wote, na ndugu mwingine apitie miamala kila mwisho wa mwezi. Nasema hivi kwa uchungu: pesa nyingi za wazee zinachotwa na mikono ya ndani, mjukuu anayejua namba ya siri au ndugu "anayesaidia". Ukiona kila pesa ikiingia inakatwa bila maelezo, angalia kama kuna mkopo wa Songesha au wa aina hiyo aliouchukua mtu kwa simu ya mzee.

Mzoeze pia kusoma jina. Ukituma pesa, simu inaonyesha jina la anayepokea kabla hujaweka namba ya siri. Alisome kwa sauti. "Mwalimu mkuu" aliyejitambulisha kwa jina moja na pesa ikaonyesha jina jingine kabisa, hapo ndipo pa kusimama.

Na ile ya "nimekosea nimekutumia hela, naomba unirudishie, nina mgonjwa"? Meseji ya uongo ni rahisi kuitengeneza. Mwamuzi ni salio. Mzee aingie mwenyewe kwenye menyu aliyoizoea, *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa, aangalie kama kweli pesa imeongezeka. Hata ikiwa imeongezeka, asirudishe yeye. Amwambie aliyekosea apige 100, mtandao utairudisha wenyewe.

Hatua ya 4: Hesabu laini zilizosajiliwa kwa jina lake

Tangu usajili wa alama za vidole, kuna vijana wa usajili waliokaa chini ya mwavuli ambao walimwambia mzee "haijasoma, weka kidole tena", na kila kidole kikawa laini nyingine iliyokwenda kwa mtu asiyemjua. Piga *106# kwenye simu yake, fuata maelekezo, uone namba zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Kama kuna asiyoitambua, nendeni naye duka la mtandao husika, na kitambulisho mkononi, iondolewe. Laini hiyo ikitumika kwa uhalifu, jina litakalosomeka ni la mzee wako. Kuanzia sasa asisajili laini barabarani, aende dukani.

Hatua ya 5: Mstaafu na mkupuo wake

Mtu anayekaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, ana hatari yake ya pekee: kwa mara ya kwanza maishani atashika pesa nyingi kwa wakati mmoja, na watu wanajua. Atapigiwa na "afisa wa PSSSF" au "wa NSSF", mifuko ya pensheni, anayelijua jina lake kamili na ofisi aliyotoka. Ataambiwa faili limekwama, kuna nyongeza ya pensheni, au uhakiki wa wastaafu unafungwa leo, atume kidogo ili mambo yasogezwe.

Mafao hayalipiwi. Hakuna pesa ya kusukuma faili. Jambo lolote la mafao limalizwe kwenye ofisi ya mfuko, ana kwa ana, mtoto akiwa pembeni.

Mkupuo ukishaingia, naomba familia ikubaliane: miezi 6 ya kwanza usiguswe kwa biashara yoyote mpya. Ndani ya miezi hiyo watakuja wa kilimo cha mkataba, wa faida ya kila mwezi, wa "nafasi zimebaki mbili". Swali moja la kuwauliza: faida inatoka wapi? Kama jibu ni kuleta watu wengine, ni upatu. Kama wanapokea amana au kukopesha, waonyeshe leseni ya Benki Kuu (BoT). Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali, kwa hiyo kuwa na programu nzuri kwenye simu si ushahidi wa chochote.

Hatua ya 6: WhatsApp, kwa wenye simu janja

Ni fupi. Tarakimu sita zikiingia kwa meseji, hazisomwi kwa mtu, hata kama anayeziomba ni shemeji. Tapeli akizipata, anaingia kwenye WhatsApp ya mzee na kuanza kuomba ndugu wamkopeshe. Nenda kwenye mipangilio, washa uthibitisho wa hatua mbili, weka PIN, uiandike kwenye daftari lako.

Hatua ya 7: Wanaokuja kwa miguu

Kariakoo, Posta na Mbagala Rangi Tatu bado kuna mchezo wa kitita kilichodondoka. Mmoja anaangusha bahasha mbele ya mzee, wa pili anaiokota na kusema tugawane, wa tatu anatokea akilia kwamba kaibiwa, na mwisho mzee anaombwa kuacha pochi yake kama dhamana. Mwambie: bahasha iliyoanguka, pita.

Nyumbani huja "mtoto wa rafiki yako wa zamani" mwenye vifaa vya tiba au dawa za magoti. Mlango ubaki na komeo, maongezi yawe barazani.

Viwanja ni habari ndefu zaidi. Mzee anayenunua Chanika au Kigamboni, au anayeuza cha kwake Goba, asitoe wala kupokea pesa kabla ya kufanya upekuzi ofisi ya ardhi kuona mmiliki ni nani na kama kuna mkopo juu yake. Kama kiwanja hakijapimwa, aanzie serikali ya mtaa na kwa majirani wa mipaka yote minne. Majirani wanajua kiwanja kilishauzwa mara ngapi. Pesa ipite benki. Hati halisi asimwachie dalali "akaitolee kopi".

Hatua ya 8: Pesa ikishatoka

Dakika ndizo mali yako. Fanya kwa mpangilio huu.

Piga 100 papo hapo, taja namba ya muamala, omba pesa izuiwe. Kama haijatolewa kwa wakala, kuna uwezekano wa kuikuta. Kama ilitoka benki, piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Badilisha namba ya siri.

Usifute meseji hata moja. Andika kwenye daftari namba iliyopiga, saa, kiasi, na jina lililoonekana.

Nendeni kituo cha polisi kilicho karibu, mchukue RB, yaani namba ya taarifa yenu polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua udanganyifu wa namna hii na kujifanya mtu mwingine kuwa makosa ya jinai, kwa hiyo usikubali kuambiwa "hilo ni jambo la mtandao wa simu". Mwende naye, usimtume peke yake. Kusimulia jambo la aibu mbele ya kaunta kunahitaji mtu wa kukaa naye kwenye benchi.

Ipeleke ile meseji ya tapeli kwenda 15040, namba ya TCRA, na ufuate majibu yatakayokuja ili utaje namba iliyokutapeli. Fanya hivyo hata kwa meseji ambazo hazikumpata mtu.

Halafu jiandae kwa simu ya pili. Wiki moja au mbili baadaye kuna anayepiga akisema ni askari wa makosa ya mtandao, pesa imepatikana, ilipiwe gharama kidogo ya kuirudisha. Mama alipigiwa simu hiyo siku ya 9, na alikuwa tayari kulipa, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua ili amzuie. Polisi hawatozi pesa kwa simu kurudisha pesa yako.

Deni la dukani tulilimaliza sisi watoto siku ileile tulipojua, tukanunua na dawa za mwezi. Tulikubaliana pia nani anapiga simu jioni gani. Ukipiga, muulize amekula nini, kama maji ya DAWASA yametoka, kama miguu bado inavimba. Habari za pesa usizianze wewe. Mama yangu jioni ya tatu alianza mwenyewe: "Leo kuna mmoja alinipigia..."